Ijenge Kama Ilivyoonekana Kutoka Chini

Ukiufuata mto Ewaso Nyiro kutoka kwetu Gotu kuelekea magharibi, ukaipita hifadhi ya Shaba, unafika Buffalo Springs, kwenye dimbwi la maji maangavu ambalo wageni huvua viatu na kujitosa ndani bila kuuliza lilichimbwa na nani. Waongoza watalii na wenyeji wa Isiolo wana jibu lao: lilichimbwa na bomu. Wapo wanaosema rubani wa Kiitaliano, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, aliwaona nyati wakinywa maji akadhani ni askari. Wengine wanasema alikuwa akiutafuta mji wa Isiolo akaukosa, akaachia mzigo wake hapo. Kuhusu shabaha hawapatani. Kuhusu ndege wanapatana.

Nimeanzia hapo kwa sababu vijana wanaoniuliza namna ya kujenga mfano mkubwa wa ndege ya mabomu ya zamani huja karibu wote na picha ya ndege waliyoiona kwenye filamu, B-17 ya Wamarekani au Lancaster ya Waingereza. Ni ndege za fahari, lakini hazikutuhusu. Mfano mkubwa utakula miezi yako mingi, na kitakachokurudisha kwenye kazi siku umechoka ni kuwa na sababu ya kuujenga. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: jenga ndege iliyopita juu ya nchi yako.

Zipo tatu za kufikiria. Ya kwanza ni Junkers Ju 86, iliyoundwa Ujerumani lakini huku ikirushwa na marubani wa Afrika Kusini. Tarehe 11 Juni 1940, siku moja baada ya Italia kutangaza vita, ndege hizo ziliwashambulia Waitaliano karibu na Moyale. Ya pili ni Avro Lincoln ya Waingereza, ambayo kati ya 1953 na 1955 ilikuwa ikiruka kutoka Eastleigh, Nairobi, kwenda kumwaga mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Asubuhi isiyo na mawingu mlima huo unauona kutoka Isiolo. Ningependa siku moja mtu wa huku aijenge Lincoln, na aijenge kwa uchungu. Lakini ina injini nne na kiwiliwili cha mviringo mwanzo hadi mwisho, na kwa anayeanza ni mzigo.

Ya tatu ndiyo ninayokushauri uichukue: Caproni Ca.133 ya Waitaliano. Ilikuwa ndege yao kuu ya mabomu katika Afrika Mashariki vita vilipoanza, na Wajir iliionja mwezi huohuo wa Juni 1940. Ina injini tatu, moja puani na mbili chini ya mabawa. Bawa lake limekaa juu ya kiwiliwili, magurudumu yake hayakunjwi, na kiwiliwili chenyewe ni kama sanduku refu. Mtu mwenye katoni na kisu kikali anaweza kutengeneza sanduku. Kuna jambo jingine litakalomfurahisha mfugaji. Waitaliano wenyewe waliipa majina ya utani: Vacca, yaani ng'ombe, na Caprona, ambalo kwao ni kulichezea jina la Caproni likawa mbuzi jike mkubwa. Ndege iliyoitwa ng'ombe ikaja kuruka juu ya nchi ya ng'ombe.

Kabla hujagusa kisu, nenda kwa wazee. Waliokuwa watu wazima mwaka 1940 wametutoka, lakini watoto wao wapo, na walisimuliwa. Toa salamu, kaa, kunywa chai, usitoe daftari mpaka mazungumzo yamekolea. Uliza ndege zilitokea upande gani, zilisikika muda gani kabla ya kuonekana, zilikuwa na rangi gani zikiwa juu. Ukipata nafasi ya kufika Nairobi, tenga siku moja kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa usome taarifa za utawala wa ile wilaya ya mpakani ya kaskazini ambayo makao yake yalikuwa Isiolo. Utakachogundua kwa wazee ndicho kitakachoongoza kazi yako yote ya rangi: hakuna hata mmoja atakayekueleza mgongo wa ndege ulivyokuwa. Waliona tumbo.

Sasa vipimo. Caproni ina upana wa mita 21.24 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, na urefu wa mita 15.36. Nashauri uwiano wa moja kwa kumi, ili mita moja ya ndege iwe sentimita kumi za mfano na hesabu isikusumbue. Utapata mfano wenye mabawa ya sentimita 212 na nusu hivi na urefu wa sentimita 153 na nusu. Ni mkubwa, ndiyo, lakini mfano wa kutazamwa ukiwa darini unahitaji ukubwa. Nenda saiba, tafuta mchoro wa ndege hiyo unaoonyesha juu, ubavu na mbele, uuchape kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa, ukiupanua au kuupunguza hadi mabawa yawe sentimita 21 na milimita mbili kwa rula. Hapo mchoro wako ni moja kwa mia. Uchoree miraba ya sentimita moja, kisha chora miraba ya sentimita kumi kwenye karatasi kubwa za kufungia, na uhamishe mistari mraba kwa mraba. Usiharakishe hapa. Kosa la milimita moja kwenye mchoro mdogo ni sentimita nzima kwenye mfano.

Kiwiliwili kijenge kwa viunzi vya plaiwudi nyembamba vilivyopangwa kila sentimita kumi na tano, vikaunganishwa na vijiti vinne virefu pembeni. Ndege yenyewe ilikuwa na mifupa ya mabomba ya chuma, na sehemu kubwa ya ngozi yake ilikuwa kitambaa. Kwa hiyo ukijenga mifupa kwanza na kuivisha nguo baadaye, unafuata njia ileile. Katoni ya maboksi ya biskuti inatosha kufunika ubavu. Chagua iliyo kavu na isiyo na mikunjo, na uhakikishe mifereji ya ndani inakwenda kwa urefu wa ndege.

Bawa ndilo litakalokupima. Kwa mhimili tafuta mlingoti wa mkonge, ule unaochomoza mmea ukikaribia kufa. Ukikauka vizuri ni mwepesi ajabu, unakatika kwa kisu cha jikoni na haupindi ovyo. Gawa bawa vipande vitatu: cha katikati cha sentimita 60 kinachokaa juu ya kiwiliwili, na viwili vya nje vya sentimita 76 na kidogo kila kimoja. Viunge kwa mirija ya chuma inayoingiana, ili uweze kuvichomoa. Bila hivyo mfano wako hautapita mlangoni, achilia mbali kupanda lori la kwenda Isiolo mjini. Mbavu za bawa zikate kwa katoni ya tabaka mbili. Kata ubavu mmoja kwa uangalifu mkubwa, uutumie kama kigezo cha mwingine, na usitumie ubavu wa pili kuwa kigezo cha wa tatu, kwa maana kosa litakuwa linakua kila hatua.

Kisha funika bawa kwa marikani kuukuu iliyofuliwa. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji, nusu kwa nusu, tandaza kitambaa, paka gundi juu yake kwa brashi pana, na ukivute taratibu kutoka katikati kwenda nje. Kikikauka kinakazana juu ya mbavu, na mbavu zinaanza kuonekana kwa mbali chini yake, kama za ng'ombe wa kiangazi. Ukiliona hilo, umepata ndege ya kitambaa bila rangi hata tone.

Hapa nilikosea mara ya kwanza, na kosa lenyewe ni la mahali kama Gotu. Nilipaka gundi upande wa juu tu, nikaliacha bawa juani likauke upesi. Kufikia adhuhuri lilikuwa limejisokota kama pembe ya kondoo. Hewa yetu ni kavu mno na jua ni kali: upande uliolowa hukauka na kujivuta, na ule mwingine haujaguswa. Basi funika na upake pande zote mbili siku hiyohiyo, kivulini, na bawa likiwa limelala juu ya vijiti ili hewa ipite chini. Likishapinda, usilitupe. Lowesha upande uliobonyea kwa kitambaa chenye maji, lilaze juu ya ubao ulionyooka, lipangie mawe ya mtoni kila shubiri moja, uliache siku mbili.

Injini ni kazi ya jioni, ukiwa umeketi. Injini ya Caproni, Piaggio Stella P.VII, ina silinda saba zilizopangwa kwa mviringo, kwa hiyo utahitaji silinda 21. Kata vijiti vya unene wa kidole cha mwisho, vyote urefu mmoja, na kila kimoja kizungushie uzi mweusi wa cherehani, mzunguko kando ya mzunguko bila kupandana, ukiushika kwa gundi. Uzi ule unaigiza mapezi ya kupozea injini, na ukiupitishia brashi kavu yenye rangi ya fedha kidogo, kila pezi linajitokeza peke yake. Ni kazi ya kuchosha macho na mimi huipenda kuliko zote. Kifuniko cha mbele cha injini kinatoka kwenye kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa pete. Pima na mchoro ujue kopo la ukubwa gani. Mapanga yachonge kwa mti laini, na idadi yake ihesabu kwenye picha ya ndege uliyoichagua. Magurudumu tunajua sote yanatoka wapi: patipati iliyokatika, ikakatwa mviringo na kusagwa kwa msasa. Madirisha ni plastiki ya chupa za maji. Na usisahau bunduki nne za rashasha, mgongoni, tumboni na ubavuni pande mbili.

Tuingie kwenye rangi, ambako mifano mingi mizuri huharibika.

Jambo la kwanza ni saa. Gotu hupaki rangi mchana. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo haujaamka, na ikifika saa tatu funika kopo. Baada ya hapo joto hukausha rangi ikiwa bado kwenye brashi, na upepo huleta vumbi linalokaa juu ya rangi mbichi mpaka bawa linakwaruza kama msasa. Kama kuna mbuzi karibu, na wapo, paka ndani ya boma lenye mlango. Mbuzi hula katoni yenye gundi kwa hamu.

La pili ni matabaka. Msingi kwanza: rangi ya mafuta ya kijivu iliyolegezwa kwa thina, tabaka mbili nyembamba, kila moja ikipigwa msasa laini ikikauka. Rangi ya maji moja kwa moja juu ya katoni itailowesha na kuivimbisha. Thina hushika moto haraka, kwa hiyo jiko liwe mbali na watoto wawe mbali zaidi, na ufanyie kazi mahali penye hewa. Ukitumia rangi za kopo la kupuliza, zile wanazonunua wenye bodaboda, usiliache kopo juani hata dakika tano.

La tatu ni mng'aro. Rangi nyingi za dukani hung'aa, na ndege inayong'aa kama sufuria mpya huonekana kitu cha kuchezea hata ikiwa imejengwa kwa ustadi. Ulizia rangi isiyong'aa. Ikikosekana, chekecha poda ya watoto kwenye kitambaa chepesi, koroga kidogo kidogo ndani ya rangi, na ujaribu kwanza kwenye kipande cha katoni. Tena, ongeza nyeupe kidogo katika kila rangi, kama kijiko kimoja kwa vijiko kumi. Kitu kikiwa mbali hupauka machoni, na mfano ni ndege iliyo mbali. Rangi halisi ya ndege ikiwekwa vilevile kwenye mfano huonekana nzito kupita kiasi.

Na sasa mpangilio ambao mafundi wengi watabishana nami juu yake. Anza na tumbo, na ulipe tumbo muda wako mzuri. Vitabu na picha za mifano karibu zote hupigwa kutoka juu, ndiyo maana watu humaliza mgongo kwa ufundi na kulifunika tumbo kwa rangi moja, basi. Lakini mfano wako utaning'inia, na hata kama hautaning'inia, watu wa nchi hii waliijua ndege hii kwa upande wa chini. Lipake kijivu hafifu chenye kuelekea weupe wa anga ya saa sita. Nyuma ya kila injini vuta moshi: saga mkaa laini kama unga, chovya brashi kavu, pitisha kuelekea mkiani, nzito mwanzoni na nyepesi mwishoni. Ongeza michirizi miwili mitatu ya kahawia iliyolegezwa kwa thina, iliyotoka kwenye injini kama mafuta yanayovuja. Kwenye magurudumu na miguu yake weka vumbi la kweli. Chukua udongo wa Gotu, uchekeche mara tatu, uchanganye na vanishi isiyong'aa, upake kwa brashi fupi. Hakuna rangi ya dukani inayoushinda udongo wa mahali penyewe.

Mgongo ni mabaka. Ndege nyingi za Italia za mwaka 1940 zilipakwa rangi ya mchanga kisha mabaka ya kijani. Usiyachore kwa mstari. Nenda zizini, msimamie mbuzi mwenye mabaka umtazame kwa karibu: mahali rangi mbili zinapokutana hapana mpaka, kuna nywele za huku zilizochanganyika na za kule. Ndivyo mabaka ya ndege yalivyo, kwa sababu yalipulizwa. Kama huna kompresa, tumia sponji iliyoraruliwa kwa mkono, ichovye, ifinye kwenye karatasi mpaka ibaki karibu kavu, kisha uguseguse. Mabaka yasilingane kwa ukubwa wala nafasi. Ukimaliza, weka bawa chini kwenye mchanga wenye majani makavu, panda juu ya jiwe au gari, ulitazame kutoka juu. Jicho likiteleza kidogo kabla ya kuliona, umefaulu.

Alama zikate kwenye filamu kuukuu ya eksirei, kwani haipenyezi rangi na inapinda kufuata bawa. Mkiani uweke msalaba mweupe wa ufalme wa Italia. Chini ya mabawa kulikuwa na duara lenye mafungu matatu ya fimbo, kila fungu limefungwa pamoja na shoka, alama ya chama cha Mussolini. Nimeulizwa na mwalimu mmoja kama isiachwe, maana ni alama mbaya. Mimi nasema iwekwe. Ndiyo aliyoiona mtu aliyekuwa amesimama kisimani akainua uso. Ila andika kwenye kadi, kwa Kiswahili na kwa Kiborana, alama ile ilimaanisha nini, na ueleze pia kwamba kufikia Mei 1941 jeshi kuu la Waitaliano lilikuwa limesalimu amri Amba Alagi, huko Ethiopia, na kwamba askari Waafrika wa King's African Rifles walikuwa katika vita hivyo.

Ya mwisho ni kuutundika. Usiuweke mezani wala sakafuni, kwa kuwa mchwa watafika kwenye katoni kabla mvua haijaanza. Funga waya imara sehemu tatu: mbili kwenye mhimili wa bawa pande zote za kiwiliwili, na moja karibu na mkia. Kila waya upake grisi kidogo juu, karibu na boriti, kuzuia wadudu wanaoshuka. Usiutundike mkabala na dirisha la magharibi, jua la jioni litaipausha rangi ndani ya mwaka. Pua ielekee kusini, kama ndege zile zilivyokuja kutoka Ethiopia.

Nyaya ziache na urefu wa ziada kwenye mafundo. Wa kwetu niliuning'iniza juu kabisa, chini ya mabati, nikidhani ndivyo ndege ikaavyo. Mzee mmoja aliyelelewa na simulizi za babake akaja kuuona, akatazama tumbo muda mrefu, injini, magurudumu, ule moshi. Kisha akaonyesha kwa kiganja kwamba nimeiweka juu mno: babake alimwambia ziliruka chini kiasi cha kuona magurudumu yakitikisika. Tulifungua mafundo jioni hiyohiyo, tukaushusha shubiri mbili.